Houston na Dallas: huku maji, kule udongo

Wiki haipiti bila kupokea ujumbe wa namna hii: "Kaka, tunahamia Texas. Twende Dallas au Houston?" Anayeuliza keshapiga hesabu ya mshahara na kodi, na keshajua ana ndugu wangapi kila upande. Mimi ni mkaguzi wa nyumba. Kazi yangu ni kupanda juu ya paa, kutambaa darini na kumulika tochi chini ya sinki kabla mnunuzi hajatia saini. Nimeifanya kazi hiyo katika miji yote miwili, kwa hiyo mshahara huwa nawaachia wengine. Mimi nauliza: uko tayari kuishi na maji, au kuishi na udongo?

Miji hii inatenganishwa na maili 240 hivi za barabara kuu ya I-45, na utani wao ni wa Simba na Yanga. Mwaka 2023 timu zao za besiboli, Astros ya Houston na Rangers inayochezea Arlington, jirani na Dallas, zilikutana kwenye nusu fainali ya mechi saba. Mechi zote saba alishinda mgeni. Hakuna aliyeweza kushinda mbele ya mashabiki wake hata mara moja! Rangers ndio waliovuka, na Houston hawapendi kukumbushwa.

Sasa tuje kwenye maji. Houston iko mita 15 hivi tu juu ya usawa wa bahari, tambarare kama sinia, na imekatwakatwa na vijito vya mwendo wa polepole. Agosti 2017 dhoruba ya Harvey ilifika hapo ikagoma kuondoka, na baadhi ya sehemu za eneo la mji zikapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua ndani ya siku chache. Hiyo ni karibu mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam. Upande wa magharibi kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 kuukinga mji baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Siku za kawaida ni makavu, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli humo. Yalipojaa, maji yakaingia kwenye nyumba zilizojengwa nyuma yake, na yalipofunguliwa, yakaingia kwenye nyumba zilizo mbele yake. Wengi wa waliofurikiwa hawakuwa na bima ya mafuriko, kwa sababu ramani haikuwaonyesha kwamba wako hatarini. Aliyekulia Dar na kuiona Jangwani wakati wa masika hahitaji maelezo marefu hapa.

Niliwahi kuitwa na dada mmoja muuguzi nikague nyumba ambayo dalali alimwambia imekarabatiwa yote. Kweli ilipendeza: marumaru mpya, makabati mapya, rangi inanukia. Nikapitisha tochi kwa ubavu wa ukuta sebuleni, nikaona mshono mwembamba wa jipsamu kwenye usawa wa kiuno. Nikaingia chumba cha pili, mshono upo. Cha tatu, upo, urefu ule ule. Gereji haikuwa imeguswa, na kule misumari ya chini ya fremu ya mlango ilikuwa imeota kutu huku ya juu iking'aa. Ukuta haubadilishwi nusu yake ya chini nyumba nzima kwa sababu ya fasheni. Maji yalifika hapo.

Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji ajibu kwa maandishi kama nyumba imewahi kuingia maji, na tangu Januari 2022 mwenye nyumba naye anatakiwa amwambie mpangaji kama eneo ni la mafuriko na kama maji yaliingia ndani ya miaka 5 iliyopita. Muuzaji wa nyumba ile alijaza kwamba hajui. Ndiyo maana fomu naisoma mwisho, baada ya kuusoma ukuta.

Halafu bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya serikali kuu inakatwa peke yake, inafidia hadi dola 250,000 za jengo na dola 100,000 za vitu vya ndani, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia. Ukisubiri hadi kimbunga kipewe jina, umechelewa. Na hata maji yasipoingia, umeme unaweza kuondoka. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliacha wateja zaidi ya milioni 2 gizani, kwenye joto ambalo bila kiyoyozi usiku hulali, unavuja tu.

Basi Dallas ni salama? Dallas inakula polepole. Iko juu zaidi, kama mita 130, mbali na bahari, kwa hiyo habari za vimbunga vya bahari wanazitazama kwenye runinga. Lakini imekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule ule anaoujua mkulima wa mpunga wa Shinyanga: mvua ikinyesha unavimba na kunata, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mmojawapo wa udongo huo kitaalamu unaitwa Houston Black, na mkanda wake unaanzia kaskazini mwa Dallas kushuka hadi San Antonio. Yaani Dallas inanyanyaswa na kitu chenye jina la mtani wake. Houston nayo ina mfinyanzi unaovimba, ila kule shida hiyo inafunikwa na shida kubwa zaidi.

Nyumba nyingi za Texas hazina msingi wa kwenda chini kama tunavyojenga nyumbani. Ni bamba la zege lililolazwa juu ya ardhi. Udongo ukivimba upande mmoja na kusinyaa mwingine, bamba linapinda. Dalili ninazotafuta ni ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye matofali ya nje, mlango unaojifunga wenyewe, na gololi inayobingirika jikoni bila kusukumwa. Dawa yake ya kila siku huwachekesha wageni: kiangazi watu wanamwagilia nyumba. Wanazungushia msingi mpira wa maji wenye matundu madogo na kuuacha utoe jasho, ili udongo usikauke ghafla. Ikishindikana, fundi anashindilia nguzo chini ya bamba, na hizo ni maelfu ya dola. Nyumba iliyokwisha kuwekewa nguzo mimi siikimbii, mradi karatasi za udhamini zipo na zinahamia kwa mnunuzi.

Juu ya hapo kuna mvua ya mawe. Kila masika mafundi wa paa wanapita mlango kwa mlango. Soma bima yako: sehemu ya mawe na upepo mara nyingi inakutaka ubebe mwenyewe asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000, na hizo zinatoka mfukoni mwako kabla kampuni haijatoa senti.

Baridi ya Februari 2021 iliipiga miji yote miwili sawasawa, mabomba yalipasuka darini huku na kule, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kodi nazo hazichagui. Jimbo halikati mshahara, lakini kodi anayolipa mwenye nyumba kwa serikali inazunguka asilimia 2 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, na vitongoji vingi vya Houston vinaongeza makato ya wilaya ya maji, yaani mamlaka ndogo inayohudumia kitongoji maji na maji taka.

Kitu kingine kinachowashangaza wageni Houston ni kwamba mji hauna sheria ya kugawa maeneo ya makazi na biashara. Wapiga kura waliikataa 1948, 1962 na 1993. Ukinunua mahali ambapo hati ya mtaa haina masharti, usishangae gereji ya kupaka rangi magari ikifunguliwa ubavuni. Mimi binafsi sioni ubaya mkubwa, maana urahisi huo wa kujenga umesaidia bei zisipae sana.

Kwa kazi, muuguzi ana sababu nzito ya kwenda Houston: Texas Medical Center ni mji wa hospitali ndani ya mji, wenye wafanyakazi zaidi ya 100,000. Wa ofisini atapata zaidi Dallas na vitongoji vyake vya kaskazini, zilikohamia kampuni ya simu ya AT&T mwaka 2008 na Toyota mwaka 2017. Usafiri wa umma Dallas ni afadhali, una reli ndefu, na shirika lake linaitwa DART, jina lile lile la wakala wa mwendokasi wa Dar. Ila usiye na gari usipange Arlington kwa kudhani ni Dallas. Hakuna mabasi ya kawaida huko. Kiswahili hutakikosa: Gulfton ya Houston na Vickery Meadow ya Dallas utakisikia, hasa cha Kivu.

Mimi ningepanga Houston, ghorofa ya pili kwenda juu. Kwa kununua, na hela yenyewe ndiyo akiba yote ya familia, ningeenda Dallas, kwa sababu ufa unakupa miaka ya kujipanga na maji yanakupa saa.

Yule dada muuguzi kazi yake ilimfunga Houston. Aliiacha nyumba ya mishono, akapata nyingine ndogo zaidi iliyoinuliwa kuliko zote mtaani, na bima ya mafuriko akakata wiki ile ile. Mumewe bado anaililia Dallas. Nimemwambia shemeji, siku mkihama, mpira wa kumwagilia nyumba nawanunulia mimi.