Mtuhumiwa Akivuka Mpaka: Uingereza Baada ya Kujitoa Umoja wa Ulaya

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, mjadala ulijaa ushuru, samaki na viza. Habari za mtuhumiwa anayekimbilia nchi ya pili walibaki nazo polisi na wanasheria, na muda wao ulikuwa mfupi: kipindi cha mpito kilikwisha Desemba mwaka huohuo.

Tangu 2004 nchi za Umoja zimekuwa zikitumia Hati ya Kukamata ya Ulaya. Mahakama ya nchi moja huiandikia mahakama ya nchi nyingine ili mtuhumiwa akamatwe na kukabidhiwa, waziri haingii kati. Mkataba wa Biashara na Ushirikiano uliofuata baada ya Uingereza kutoka umebakiza sehemu kubwa ya utaratibu huo, pamoja na muda maalumu wa kutoa uamuzi. Tatizo ni uraia. Katiba ya Ujerumani hairuhusu raia wake kukabidhiwa kwa nchi isiyo mwanachama wa Umoja, na Ufaransa na Poland nazo zimekataa kukabidhi raia wao. Tuseme Mjerumani ametuhumiwa kwa wizi Manchester, kisha akarudi kwao Berlin. Haletwi. Labda ashtakiwe hukohuko, huku mashahidi na vielelezo viko Uingereza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu pengo kubwa zaidi liko kwenye kompyuta ya askari wa doria. Mwaka 2019 polisi wa Uingereza walipekua Mfumo wa Taarifa wa Schengen, hifadhidata ya pamoja ya nchi za Ulaya ya watu na mali zinazotafutwa, zaidi ya mara milioni 600. Ukisimamishwa usiku karibu na bandari ya Dover, askari aliingiza jina na namba ya gari, na jibu lilikuja palepale: huyu anatafutwa Roma, gari hili limeibwa Madrid. Sasa mfumo huo haufikiki London. Imebaki Interpol, shirika la kimataifa la polisi, na hapo ni lazima Roma ipeleke taarifa hiyohiyo kwa njia ya pili. Isipopeleka, askari wa Dover anamruhusu mtu aendelee na safari yake. Kubadilishana alama za vidole na vinasaba kunaendelea, lakini hayo husaidia zaidi upelelezi kuliko ukaguzi wa barabarani.

Kuna sharti moja ambalo wanasiasa wanaotaka nchi ijitoe pia kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hulitaja kwa nadra. Nchi ikijitoa huko, Umoja wa Ulaya unaweza kusitisha sehemu yote ya Mkataba wa Biashara na Ushirikiano inayohusu jinai, hata kuanzia siku hiyohiyo kujitoa kutakapoanza kutumika. Ikisitishwa, maombi ya kukabidhiwa watuhumiwa yatarudi kwenye mkataba wa Ulaya wa 1957 wa kukabidhiana watuhumiwa, usioiwekea mahakama tarehe ya mwisho ya kutoa uamuzi.