Maana ya "kuhifadhi uhai wa mama" katika sheria, na daktari aliyejipeleka mwenyewe mahakamani

Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na kile cha 240 cha Kenya, vinasema karibu kwa maneno yale yale kwamba mtu hana hatia ya jinai anapomfanyia upasuaji mtoto ambaye hajazaliwa ili kuhifadhi uhai wa mama, mradi aufanye kwa nia njema, kwa uangalifu na kwa ustadi, na upasuaji wenyewe uwe unastahili kwa kuzingatia hali ya mgonjwa. Sheria hizo hizo, kwingineko, zinamtishia anayetoa mimba kifungo cha miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Kwa hiyo mengi yanategemea neno moja, "uhai". Je, uhai wa mama uko hatarini pale tu anapovuja damu na roho iko mdomoni, au hata pale mimba inapoelekea kumwangamiza polepole, mwili au akili? Vifungu vyenyewe havijibu swali hilo. Jibu lilitolewa London mwaka 1938, katika kesi ya daktari bingwa wa uzazi aliyeitwa Aleck Bourne, na tangu hapo ni vigumu kuielewa dhana hii bila kumfahamu mtu huyo.

Bourne alizaliwa mwaka 1886, akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge na kisha katika Hospitali ya St Mary's, London, ambako baadaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa magonjwa ya wanawake. Hakuwa daktari wa uchochoroni, wala hakuishi kwa kutoa mimba. Alikuwa na jina, cheo na wagonjwa wa kutosha, na alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya kama walivyokaa wenzake wengi. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuamini kwamba sheria ya nchi yake ilikuwa na giza, na kwamba madaktari waliogopa kwa sababu hakuna aliyewaambia mpaka uko wapi.

Giza hilo lilitokana na Sheria ya Makosa Dhidi ya Mtu ya mwaka 1861. Kifungu chake cha 58 kilimtia hatiani yeyote atakayetumia dawa au kifaa "kinyume cha sheria" kwa nia ya kuharibu mimba, na adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Hakikutaja kisa chochote kinachoruhusiwa. Mwaka 1929 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingine, ya kumlinda mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai, na humo likaweka sharti kwamba hakuna kosa ikiwa kitendo kilifanywa kwa nia njema na kwa kusudi la kuhifadhi uhai wa mama peke yake. Lakini sharti hilo lilihusu mimba iliyokwisha kukomaa. Kwa mimba changa, daktari alibaki akipapasa.

Mwezi Aprili 1938 msichana wa miaka 14 alibakwa na askari wa kikosi cha wapandafarasi wa mfalme, baada ya kurubuniwa kwamba angeonyeshwa farasi mwenye mkia wa kijani. Akapata mimba. Hospitali ya kwanza aliyopelekwa ilikataa kumsaidia. Daktari mwingine, Joan Malleson, aliyekuwa katika chama kilichodai sheria irekebishwe, alimwandikia Bourne kumwomba amwone msichana huyo, naye akakubali na kueleza wazi kwamba alikuwa tayari kumjulisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali ili sheria ipimwe hadharani.

Hata hivyo hakukimbilia upasuaji. Alimlaza msichana wodini na kumchunguza kwa siku kadhaa, na hapa pana jambo ambalo wanaomsifu Bourne huwa hawalitaji. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba msichana hakuwa na upungufu wa akili wala kile alichokiona kuwa tabia ya kikahaba, kwa kuwa aliamini kwamba wa namna hiyo wasingeumia sana kwa kubeba mimba ile. Shaka ilimtoka pale msichana alipoangua kilio na kuvunjika moyo kabisa wakati akichukuliwa vipimo. Kwangu mimi hilo ni doa lisilofutika katika kisa hiki: mtoto aliyebakwa alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba anastahili kuumia. Tarehe 14 Juni Bourne akafanya upasuaji, na polisi walipofika hospitalini hakujificha. Aliwaambia alichokifanya na kuwataka wamkamate.

Kesi ilisikilizwa mwezi Julai katika mahakama ya jinai ya Old Bailey mbele ya Jaji Malcolm Macnaghten na juri, yaani jopo la raia ambao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mwanasheria Mkuu mwenyewe ndiye aliyeongoza mashtaka. Miongoni mwa waliosimama kumtetea Bourne walikuwa Lord Horder, tabibu aliyeheshimiwa sana wakati huo, na daktari wa magonjwa ya akili J. R. Rees, walioeleza madhara ambayo mimba ya namna ile ingeweza kumletea mtoto kama yule.

Jaji alianza na neno "kinyume cha sheria". Kama Bunge liliona haja ya kuliweka, alisema, basi lina kazi, na maana yake ni kwamba yako mazingira ambamo kitendo kile kile si kosa. Mazingira hayo aliyapata katika sharti la mwaka 1929, akaamua kwamba linapaswa kusomwa pia ndani ya sheria ya 1861. Kisha akaligeukia neno "uhai", na hapo ndipo dhana hii ilipopata sura yake. Alikataa kuutenganisha uhai na afya kana kwamba kuna ukuta kati yake, kwa kuwa afya ikiharibika vya kutosha uhai nao huenda. Daktari, alisema, hatakiwi kungoja mpaka mwanamke awe anakata roho. Ikiwa anaamini, kwa sababu za msingi na kwa ujuzi wa kutosha, kwamba kuendelea kwa mimba kutamfanya mwanamke awe gofu la mtu, kimwili au kiakili, basi juri lina haki ya kuona kwamba amefanya kazi ya kuhifadhi uhai wa mama.

Inafaa kusema pia kile ambacho hakukiruhusu, kwa sababu mara nyingi hupotoshwa. Mwanamke kutoitaka mimba si sababu inayotosha mbele ya sheria hiyo. Na Macnaghten aliwakumbusha wajumbe wa juri kesi iliyopita mahakamani humo siku chache nyuma, ya mwanamke asiye na ujuzi wowote wa tiba aliyelipwa pauni mbili na shilingi tano kumtoa msichana mimba, na msichana yule akafa papo hapo. Mkasi wa daktari na kifaa cha yule mwanamke vilikuwa vimefanya kitendo kinachofanana. Kilichovitenganisha ni nia, ujuzi na sababu. Juri lilitoka, likarudi baada ya dakika 40 hivi, na kusema kwamba Bourne hana hatia.

Jina lake likawa bendera ya waliotaka sheria ilegezwe zaidi, jambo ambalo yeye hakulipenda. Uingereza ilipokuwa ikielekea kwenye Sheria ya Utoaji Mimba ya 1967, Bourne, akiwa na miaka zaidi ya 80, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichoipinga kwa jina la kumlinda mtoto ambaye hajazaliwa. Wengine walimwona msaliti. Mimi sioni usaliti: alipigania mlango uliojulikana ulipo na upana wake, na hakuwahi kudai kwamba ukuta wote ubomolewe. Alifariki mwaka 1974.

Huku kwetu maneno ya Macnaghten yalifika kupitia Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1959, katika rufaa ya Mehar Singh Bansel iliyotoka Kenya, iliifuata kesi ya Bourne na kueleza kwamba upasuaji haramu ni ule unaofanywa bila sababu nzuri ya kitabibu. Kwa maana hiyo, "uhai" wa vifungu vyetu haukubaki pumzi ya mwisho tu, ingawa wahudumu wengi wa afya wanafanya kazi kana kwamba hakuna jaji aliyewahi kusema lolote. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo inataja waziwazi ubakaji na afya ya akili ya mama, lakini Kanuni ya Adhabu yenyewe haijabadilika, na muuguzi wa zahanati ana kila sababu ya kuogopa.

Kenya imekwenda hatua moja mbele. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inasema uaviaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Neno "afya", ambalo Macnaghten alilazimika kulitafuta ndani ya "uhai", sasa limeandikwa lenyewe. Mwezi Desemba 2013 Wizara ya Afya iliondoa mwongozo uliowaeleza wahudumu namna ya kuitumia ibara hiyo. Mwaka uliofuata msichana mmoja, anayetajwa kortini kwa herufi JMM, alibakwa, akapata mimba, akatolewa mimba hiyo kwa njia isiyo salama, figo zake zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mwezi Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kwamba kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa pale mtaalamu anapoona kuwa inahatarisha uhai au afya ya mama, ikiwemo afya ya akili. Ni maneno ambayo msichana wa London aliyapata kutoka kwa daktari wake miaka 81 kabla.