Je, Wahehe wote ni damu moja?

Huku Iringa imezoeleka kusemwa kwamba Wahehe wote ni damu moja, nami naliheshimu jina hilo kiasi cha kutaka historia yake isemwe sawasawa. Kabila hili liliundwa katika karne ya 19, pale Munyigumba alipounganisha tawala ndogo nyingi, kisha mwanawe Mkwawa akaendeleza dola hiyo, ambayo mwaka 1891 iliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Watu wa tawala zile hawakutoweka. Wengi walibaki, na wajukuu wao wakaitwa Wahehe.

Ndivyo ushindi wa vita ufanyavyo mara nyingi: jina na utawala hubadilika upesi, ilhali vinasaba hubadilika polepole, kwa kuwa washindi huwa wachache na huoa katika jamii waliyoishinda. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, walifika Songea wakiwa wamekwisha kuchanganyika na mateka wa makabila mengi. Kwa hiyo kromosomu Y, fungu la vinasaba ambalo mwana wa kiume hulirithi kwa baba, na vinasaba vya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, ambavyo sote huvirithi kwa mama, huweza kusimulia safari mbili tofauti ndani ya mwili mmoja.

Uhamiaji wa wakulima ni jambo jingine: hapo wageni huweza kuchukua nafasi ya wenyeji karibu kabisa. Nchini Malawi, jirani wa Mbeya, mifupa ya wawindaji wa kale wa mlima Hora, yenye umri wa takribani miaka 8,000, imeonyesha vinasaba ambavyo wakazi wa leo, wazao wa wakulima wa Kibantu, karibu hawanavyo kabisa.