Picha ya orodha ya bei si jedwali

Wiki hii tena nimetumiwa WhatsApp picha ya orodha ya bei, imepigwa moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta ya dukani, chini yake maneno: "Iweke hivyohivyo kwenye tovuti, si jedwali tayari?" Wateja wangu hapa Mbeya ni wenye nyumba za wageni, maduka ya pembejeo na mawakala wa mazao, na hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hiyo. Leo naijibu kwa kirefu.

Si jedwali. Kivinjari kikipokea picha kinaona vitone vya rangi tu. Hakijui kwamba "Mchele wa Kyela" ni bidhaa, wala kwamba tarakimu iliyo kando yake ni bei. Mnunuzi akitafuta neno "parachichi" ndani ya ukurasa, halipati hata kama limeandikwa mara tano. Akiifungua kwenye simu, maandishi ni madogo. Akiyakuza, vichwa vya safu vinatoka nje ya kioo na anabaki na tarakimu asiyojua ni ya gunia au ya debe. Asiyeona, anayesomewa na kisoma skrini (programu ya kusoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, kama NVDA au TalkBack), mara nyingi anaambiwa kuna picha, basi. Tena picha ya namna hiyo mara nyingi ina mamia ya kilobaiti, na bando ni la mteja wako. Jedwali la mistari 20 na safu 3 halifiki hata kilobaiti 4.

Halafu bei hazitulii. Viazi vya Uyole vikishuka wakati wa mavuno, mwenye picha anaanza upya: afungue faili, apige picha, apakie. Ndiyo maana tovuti nyingi zina bei za msimu uliopita. Kwenye jedwali unabadili tarakimu moja. Tazama lilivyo fupi kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti; tr ni mstari, th ni kisanduku cha kichwa, td ni kisanduku cha taarifa (bei ni za mfano):

<table>
  <caption>Bei za jumla</caption>
  <tr><th scope="col">Bidhaa</th><th scope="col">Kipimo</th><th scope="col">Bei (Tsh)</th></tr>
  <tr><td>Mchele wa Kyela</td><td>kilo 1</td><td>3,000</td></tr>
  <tr><td>Parachichi</td><td>kilo 1</td><td>-</td></tr>
</table>

Angalia kile kistari kwenye parachichi. HTML inajenga mstari kwa mstari, na safu zinatokana na mpangilio wa visanduku tu. Ukiruka kisanduku cha kipimo kwa sababu hukukijua, bei inasogea kushoto na kukaa chini ya "Kipimo". Kisanduku kisicho na taarifa kiandikwe vilevile, kiwe na kistari au kiwe kitupu. Nawasisitizia hili vijana wote ninaowafundisha, kwa sababu kosa hili halileti ujumbe wowote wa hitilafu. Ukurasa unafunguka vizuri na bei inasomeka vibaya.

Vijana haohao wana dhana yao: eti jedwali ni la kizamani, siku hizi ni div, yaani kisanduku cha HTML kisichosema ndani yake kuna nini. Kilichokatazwa ni kupangia ukurasa mzima kwa jedwali, menyu kushoto, picha kulia. Watu walifanya hivyo miaka ya 1990 kwa sababu vivinjari vya wakati ule viliielewa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, kwa shida. Kazi hiyo sasa ina flexbox na grid, njia za CSS za kupanga ukurasa. Lakini taarifa zenye mistari na safu, kama ratiba ya mabasi, nauli, bei au matokeo ya mtihani, mahali pake ni table. Ukizipanga kwa div, macho yanaona jedwali ila kisoma skrini hakioni chochote cha kuunganisha bei na bidhaa yake.

Wengine wanasema th ni ya kukoza maandishi. Kukoza ni mazoea ya kivinjari tu. Kazi ya th ni kusema "hiki ni kichwa", na scope inasema ni kichwa cha safu au cha mstari. Ukitaka weusi peke yake, kuna CSS.

Mistari ya mipaka nayo: border="1" bado inaonekana, ila imeondolewa kwenye viwango vya HTML. Tumia border ya CSS kwenye th na td, kisha border-collapse: collapse kwenye table, la sivyo kila kisanduku kinapata fremu yake na mistari inakuwa miwili miwili.

Na hii ya "jedwali halikai kwenye simu". Linakaa. Lizungushie div yenye overflow-x: auto, mtu ataliburuta pembeni bila kuvuruga ukurasa wote. Kabla ya hapo, punguza safu: mnunuzi wa viazi hahitaji safu ya namba ya bidhaa kwenye stoo yako. Na safu ya bei ipe text-align: right, ili maelfu yakae chini ya maelfu na jicho lilinganishe bei mara moja.