Kiranja asifanywe mkono wa mwalimu wa zamu

Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri nchini Kenya, viranja wanne walifungiwa usiku chumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto. Wote wanne walikufa. Kila tunapowaandaa walimu walezi wa serikali za wanafunzi hapa Tanzania, mimi huanza na vijana hao, kwa sababu waliuawa wakiwa na cheo ambacho hata kwetu tunagawa kila mwaka bila kufikiri sana.

Kenya ilibadilika polepole. Baada ya migomo ya mwaka 2008 iliyoenea katika mamia ya shule, lilianzishwa mwaka 2009 baraza la wanafunzi wa sekondari la nchi nzima, kwa msaada wa UNICEF, na shule zikahimizwa kuacha viranja wa kuteuliwa na kuchukua viongozi wa kuchaguliwa.

Sisi uchaguzi tunao kitambo. Wagombea wanajaza fomu, walimu wanachuja, kampeni zinapigwa mstarini, kaka mkuu na dada mkuu wanatangazwa kwa vigelegele. Kinachonisumbua ni kesho yake. Kiongozi mpya anapewa semina ya asubuhi moja, na akitoka hapo kazi anayoijua ni kuandika majina: waliopiga kelele, waliochelewa namba, waliokwepa usafi. Jioni mwalimu wa zamu anachapa kwa kufuata orodha ile. Mtoto wa miaka 16 tumemgombanisha na bweni zima, kisha tunashangaa kwa nini hakuna anayemweleza shida yake.

Kwa hiyo mafunzo ya uongozi yaanze kwa kuondoa kitu: kiongozi wa wanafunzi asichape, asipigishe mtu magoti, asiandike orodha ya adhabu. Kanuni za viboko zinamtaja mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi hamo. Walimu wengine huniuliza, sasa nidhamu nani ataisimamia? Walimu wenyewe, ndio walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Nafasi inayobaki ndiyo ya kufundishia. Tunashauri vipindi 12 vya dakika 40, muhula mzima kabla ya uchaguzi, viwe wazi kwa kila anayetaka kugombea na kwa viongozi wa madarasa na mabweni. Vikiwekwa kabla ya kura, hata atakayeshindwa atabaki na ujuzi, na wagombea watapunguza kuahidi wasichokiweza, maana watakuwa wameshaona shule inavyoendeshwa.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha maharage. Chukua shule ya bweni yenye wanafunzi 400. Kila mmoja akikadiriwa gramu 100 za maharage makavu kwa mlo, mlo mmoja unakula kilo 40, na milo mitano kwa wiki ni kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100. Wape wanafunzi hesabu hiyo, wapeleke stoo, waone mizani na leja, waulize bei ya gunia sokoni wiki ile. Kisha waambie: ninyi mnataka wali Jumapili, pesa ya kuongeza itoke wapi? Nimeona watoto waliokuja wakiwa wamenuna wakikaa saa nzima wakibishana kwa tarakimu. Na wakigundua kuwa leja na sufuria havisemi kitu kimoja, shule iwe tayari kuwasikiliza. Mwalimu Nyerere, alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na matumizi ya mapato yake. Stoo ya chakula ni jirani kabisa na shamba.

Vipindi vingine viwili viende kwenye muhtasari wa kikao. Uandishi wake ni mfupi: nani alikuwepo, nini kiliamuliwa, nani atakifanya, lini. Upande wa pili, mkuu wa shule akubali kujibu kila hoja ya baraza kwa maandishi ndani ya siku 7. Anaweza kujibu kwamba haiwezekani, mradi aeleze sababu. Hilo si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Bomba lililokatika likijibiwa kwa karatasi yenye tarehe ya fundi kufika, wanafunzi wana kitu cha kusubiri.

Jambo moja lisiachwe kwa bahati. Siku moja dada mkuu atafuatwa usiku na binti analia, anasema ameguswa au ametishwa na mtu mzima. Afundishwe mapema: amsikilize, asimhoji, asiahidi kutunza siri, asifanye uchunguzi wake, ampeleke kwa mwalimu wa malezi. Anayetuhumiwa akiwa mwalimu huyo huyo, waende kwa mkuu wa shule, au wapige 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo ibandikwe kila bweni.

Mtihani wa mafunzo haya sioni haja yake. Kila kiongozi awe na daftari moja: mihtasari, hoja zilizojibiwa, hoja zilizokwama na sababu zake. Kidato cha nne wanaingia mtihani wa taifa Novemba, hivyo wengi huachia uongozi katikati ya mwaka, na kila serikali mpya huanza upya kulalamikia bomba lile lile. Makabidhiano yafanyike mstarini, daftari lisomwe kwa sauti ukurasa wa hoja zilizokwama, kiongozi anayeingia atie saini chini yake, na mkuu wa shule naye atie yake.