Ampea 25 za kontakta si za mota

Kwenye mashine za kukoboa mpunga Igunga na Nzega utasikia hesabu hii: mota inakula ampea 15, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota) imeandikwa 25, basi inatosha na chenji inabaki. Miezi michache baadaye kontakti, yaani vyuma vyake vinavyogusana kupitisha umeme, zimegandana, unabonyeza kitufe cha kuzimia na mota haina habari.

Kosa liko kwenye kusoma kibandiko. Kontakta moja huwa na viwango vya ampea zaidi ya kimoja, kulingana na aina ya mzigo. AC-1 ni ya mizigo mipole, kama hita. AC-3 ndiyo ya mota za kawaida za fezi tatu, maana mota ikiwaka huvuta mara sita hadi nane ya ampea zake, na cheche zake ndizo zinazokula kontakti. Kontakta nyingi za ampea 25 kwa AC-1 ni ampea 9 tu kwa AC-3! Muuza duka atakutajia ile kubwa, bila shaka.

Kwa mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400, chukua ya AC-3 ampea 18. Mwendeshaji akiwashawasha na kuzima kwa kugusa-gusa, hapo ni AC-4, panda saizi.

Koili (waya wa sumaku ya kontakta) nayo: ya volti 220 ukiipa 380 itaungua. Umeme ukishuka sana, kontakta hulia na kutetema, nayo huchoma kontakti.

Na kontakta hailindi mota. Kazi hiyo ni ya oveloodi, kifaa kinachozima mota ikivuta ampea kupita kiasi, iliyosetiwa kwa ampea za kwenye kibandiko cha mota.