Django ikirudisha 1, je, barua pepe imefika?

Watengenezaji wengi wa tovuti wanaamini kwamba send_mail (amri ya kutuma barua pepe) ya Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, ikirudisha 1, basi barua imeshamfikia mteja. Ni rahisi kuona imani hiyo inatoka wapi: ukikosea nywila, programu hulalamika papo hapo, kwa hiyo ikinyamaza unaona kazi imekwisha.

Kumbe 1 inasema tu kwamba barua imekabidhiwa kwa kile kilichotajwa kwenye EMAIL_BACKEND, yaani mpangilio unaochagua njia ya kutumia barua. Jaribu mwenyewe. Katika settings.py, faili la mipangilio ya mradi, weka EMAIL_BACKEND = 'django.core.mail.backends.console.EmailBackend', kisha tuma barua ukiwa ndani ya python manage.py shell. Barua nzima, kuanzia Subject hadi mstari wa mwisho, itachapishwa kwenye skrini yako; haitatoka nje ya kompyuta hiyo, na bado utapata 1. (Mimi kila mradi naanzia hapo.)

Kwa SMTP, njia ya kawaida ya kutuma barua pepe kupitia seva, 1 ni kama karani wa posta kupokea bahasha dirishani. Seva ya mpokeaji bado inaweza kuikataa baadaye au kuisukumia kwenye folda ya taka. Mara nyingi sababu ni DEFAULT_FROM_EMAIL (anwani ya mtumaji), ambayo usipoigusa hubaki webmaster@localhost, au kikoa kisicho na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa.

Kuhakiki si kazi kubwa: rudisha EMAIL_BACKEND kwenye SMTP, andika python manage.py sendtestemail ikifuatiwa na anwani yako, halafu fungua maandishi ghafi ya barua iliyofika (pamoja na vichwa vyake) utafute spf=pass na dkim=pass. Ukikuta fail, anzia kwenye DNS ya kikoa, ambako rekodi hizo huwekwa. Kuhangaika na EMAIL_PORT (namba ya mlango wa seva ya SMTP) hakutakusaidia.